Jinsi ya Kucheza Wahedi wa Sitini: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Wengi wanaojaribu kujifunza mchezo wa karata wa wahedi wa sitini hukwama mahali pale pale. Kugawa karata na kuzitupa mezani wanakuelewa haraka, lakini baada ya mizunguko michache mmoja anashangaa kuona saba imemla mzungu wa nne (K), mwingine anadai ameshinda kwa kuwa amekula mara nyingi zaidi, na mchezo unaishia kwenye mabishano. Kinachowakwamisha ni kwamba walianza kucheza kabla ya kuzijua karata zenyewe, kwa kuwa katika mchezo huu ukubwa wa karata haufuati namba iliyoandikwa juu yake.

Kwa hiyo hatua tatu za mwanzo za mwongozo huu hazina kushinda wala kushindwa. Usiziruke, hata kama umewahi kucheza karata za aina nyingine. Fahamu pia kwamba kanuni hutofautiana kidogo kutoka nyumba moja hadi nyingine; pale ambapo tofauti hiyo huleta ugomvi, nimeitaja ili mkubaliane mapema.

## Mahitaji

Tafuteni pakiti moja ya kawaida ya karata 52, na mhakikishe haina karata iliyopotea wala iliyokunjwa kona kiasi cha kutambulika kwa mgongo. Andaeni mkeka au meza yenye nafasi ya kuweka fungu katikati, pamoja na karatasi na kalamu za kuandikia matokeo. Wachezaji wawe wawili, watatu au wanne. Anayejifunza aanze na mchezo wa watu wawili, kwa sababu humo kila karata unayoiona ni yako au ya mwenzako, na hesabu inafuatika.

## Hatua ya 1: Punguza karata zibaki 36

Ondoa jokeri zote. Kisha ondoa karata zote za 2, 8, 9 na 10 katika kila aina. Utakuwa umetoa karata 16 kati ya 52, na zitabaki 36.

Idadi hiyo ina sababu. Karata 36 zinagawanyika sawasawa kwa watu wawili, watatu na wanne, hivyo hakuna atakayebaki na karata ya ziada mwishoni.

Tahadhari: usitoe saba. Wanaoanza huiona saba kama namba ndogo wakaiweka kando pamoja na nane na tisa, ilhali saba ndiyo karata ya pili kwa ukubwa katika mchezo mzima.

Utajua umefaulu ukizipanga kwa aina na kukuta kila aina ina karata tisa: A, 7, K, J, Q, 6, 5, 4 na 3.

## Hatua ya 2: Zijue aina nne na majina ya karata

Aina ni nne. Kopa ni moyo mwekundu. Uru ni umbo jekundu lenye pembe nne. Pao ni ua jeusi lenye vijani vitatu. Shupaza ni jani jeusi lenye ncha juu. Hakuna aina iliyo bora kuliko nyingine mpaka turufu itakapotajwa, jambo tutakalolifikia katika hatua ya nne.

Ndani ya kila aina, nguvu za karata zimepangwa hivi, kutoka kubwa hadi ndogo:

- Ree (A): pointi 11
- Saba (7): pointi 10
- Mzungu wa nne (K): pointi 4
- Mzungu wa tatu (J): pointi 3
- Mzungu wa pili (Q): pointi 2
- 6, 5, 4 na 3: hazina pointi, na hizi ndizo magarasa

Zingatia mambo mawili. La kwanza, saba inawashinda wazungu wote. La pili, J inaishinda Q, kinyume cha ilivyo katika michezo mingine mingi ya karata. Majina yenyewe yatakusaidia kukumbuka, kwani mzungu wa nne ana pointi nne, wa tatu ana tatu na wa pili ana mbili.

Jumla ya pointi katika aina moja ni 30, na katika aina zote nne ni 120. Anayepata 61 amevuka nusu, na hapo ndipo ushindi ulipo.

## Hatua ya 3: Fanya zoezi kabla ya kucheza

Changanya karata 36, kisha fungua mbili mbili juu ya mkeka. Kila mara taja kwa sauti mambo mawili: pointi za karata zote mbili kwa pamoja, na ipi kubwa kama zingekuwa za aina moja. Kwa mfano, ukifungua saba na mzungu wa nne, sema "kumi na nne, saba kubwa." Ukifungua J na Q, sema "tano, mzungu wa tatu mkubwa." Ukifungua sita na tatu, sema "sifuri, sita kubwa."

Zoezi hili linaonekana la kitoto, na ndiyo maana watu wazima hulikwepa. Hata hivyo, mtoto anayelifanya kwa jioni moja humshinda mtu mzima aliyelidharau, kwa sababu anapofika mchezoni akili yake iko huru kufikiria nini cha kutupa badala ya kukumbuka nani ni mkubwa kwa nani.

Umefaulu ukiweza kumaliza fungu lote bila kutazama orodha iliyo hapo juu.

## Hatua ya 4: Kuchanga, kugawa na kufungua turufu

Chagueni mgawaji. Mgawaji achange karata vizuri, kisha mchezaji mwingine alikate fungu, yaani ainue sehemu ya juu ya fungu na kuiweka chini ili iliyobaki ije juu yake. Kukata kunaondoa shaka kwamba mgawaji amezipanga karata.

Mgawaji ampe kila mchezaji karata tatu, moja moja, akianzia kwa aliye kulia kwake. Mkizoea kuzungukia kushoto, hakuna kinachoharibika, mradi mwelekeo usibadilike katikati ya mchezo. Kila mtu azishike karata zake bila kuwaonyesha wengine.

Karata inayofuata mgawaji aifungue na kuiweka chali katikati. Aina ya karata hiyo ndiyo turufu. Karata zilizobaki ziwekwe kifudifudi juu yake, kwa kukingama, ili nusu yake iendelee kuonekana. Karata hiyo ya turufu itachukuliwa ya mwisho kabisa.

Turufu maana yake ni kwamba karata yoyote ya aina hiyo, hata tatu, inaishinda karata yoyote ya aina nyingine, hata ree. Turufu mbili zikikutana, mpangilio wa hatua ya pili unatumika.

Mkiwa wawili, baada ya kugawa mtabaki na karata 30 katikati, ile iliyo wazi ikiwemo. Mkiwa watatu zitakuwa 27, na mkiwa wanne 24. Ikiwa mmepata idadi nyingine, gawaneni upya mara moja kabla mtu hajatupa karata. Kosa la kugawa likigunduliwa katikati ya mchezo halina suluhisho litakalomridhisha kila mtu.

## Hatua ya 5: Mzunguko mmoja unavyokwenda

Aliye kulia kwa mgawaji anaanza kwa kutupa karata moja chali. Kila mmoja anafuata kwa zamu kwa kutupa moja. Katika kanuni za mwongozo huu, hulazimiki kutupa aina iliyoanzwa. Una uhuru wa kutupa karata yoyote uliyo nayo. Zipo nyumba zinazolazimisha kufuata aina baada ya fungu kwisha, kwa hiyo ulizaneni kabla ya kuanza.

Anayekula, yaani anayeshinda mzunguko na kuchukua karata zake, anapatikana kwa maswali mawili, na yaulizwe kwa mpangilio huu huu. Je, kuna turufu mezani? Ikiwa ipo, turufu kubwa kuliko zote imekula. Ikiwa haipo, ni karata ipi kubwa katika aina ile iliyoanzwa? Hiyo ndiyo iliyokula.

Tuchukue mfano wa watu wanne, turufu ikiwa shupaza. Mama anaanza na mzungu wa nne wa uru. Baba anatupa saba ya uru, ambayo ni kubwa kuliko mzungu. Dada anatupa tatu ya shupaza. Kaka anatupa nne ya pao. Aliyekula ni dada, kwa garasa lake la tatu, kwa kuwa ndiye pekee aliyetupa turufu. Amejipatia pointi 14: nne za mzungu na kumi za saba.

Mfano wa pili, turufu ikiwa shupaza vilevile. Mama anaanza na tano ya uru, baba anatupa mzungu wa pili wa pao, dada anatupa nne ya uru, na kaka anatupa mzungu wa tatu wa kopa. Aliyekula ni mama kwa tano yake. Wazungu wa pao na kopa hawana nguvu hapa, kwani si turufu wala si aina iliyoanzwa. Wamempa mama pointi tano za bure.

Anayekula anakusanya karata zote za mzunguko huo na kuziweka kifudifudi mbele yake, mbali na zile alizozishika mkononi. Zikichanganyika na za mkononi, mchezo umeharibika.

## Hatua ya 6: Kuvuta karata

Baada ya kila mzunguko, kila mchezaji anavuta karata moja kutoka juu ya fungu ili arudi kuwa na tatu. Aliyekula anavuta wa kwanza, kisha wengine kwa zamu. Aliyekula ndiye pia anayeanza mzunguko unaofuata.

Tahadhari: vuteni kwanza, ndipo mtupe. Mchezaji mwenye haraka hutupa kabla wenzake hawajavuta, na baada ya mizunguko miwili mnajikuta mmoja ana karata mbili na mwingine ana nne. Kabla ya kila mzunguko tupieni macho mikono ya wote. Kila mmoja akiwa na tatu, mnaendelea vizuri.

## Hatua ya 7: Fungu linapokwisha

Karata ya mwisho kuchukuliwa ni ile ya turufu iliyo wazi, na inakwenda kwa mtu wa mwisho katika zamu ya kuvuta. Mkiwa wawili, huyo ni yule aliyeshindwa mzunguko uliotangulia.

Jambo hili ni dogo kwa maneno na kubwa kwa matokeo. Ikiwa karata iliyo wazi ni ree au saba ya turufu, kushindwa kwa makusudi katika mzunguko huo kunaweza kuwa faida kuliko kushinda, mradi hujampa mwenzako pointi nyingi. Tazama karata hiyo tangu mwanzo na uijengee mpango.

Fungu likiisha, kila mtu ana karata tatu na hakuna tena kuvuta. Chezeni mizunguko mitatu ya mwisho, kisha hesabuni.

## Hatua ya 8: Kuhesabu

Kila mchezaji, au kila upande, ageuze karata alizokula na kuzitenga: ree peke yake, saba peke yake, wazungu kwa ngazi zao, na magarasa pembeni. Anzeni na ree na saba, kwa kuwa ndizo zinazobeba pointi 84 kati ya 120. Wazungu wote kumi na wawili kwa pamoja wana pointi 36 tu.

Ingawa wazoefu huhesabu upande mmoja na kutoa kutoka 120, ninyi hesabuni pande zote na mjumlishe. Jumla isipokuwa 120, mtu amekosea hesabu, au kuna karata imebaki chini ya mkeka.

Mwenye 61 au zaidi ameshinda. Mkipata 60 kwa 60, hakuna mshindi, na mzunguko wa kugawa unaendelea kwa mtu wa pili. Katika mchezo wa watu watatu kila mmoja anacheza kivyake, na inawezekana asiwepo anayefika 61. Hapo mkubaliane mapema kwamba mwenye pointi nyingi ndiye mshindi.

Idadi ya mizunguko uliyokula haina maana yoyote. Katika mchezo wa watu wawili kuna mizunguko 18, na aliyekula mitatu tu, ndani yake zikiwemo ree nne na saba mbili, ana pointi 64 na amemshinda aliyekula mingine yote 15. Magarasa yote 16 yakikusanywa na mtu mmoja ni sifuri.

## Kutupa kwa akili

Mkishazoea kanuni, mtagundua kwamba swali la kila mara ni moja: je, pointi zilizo mezani zinastahili karata ninayotaka kuitoa?

Unapoanza mzunguko, anza na garasa lisilo la turufu. Hujui mwenzako ana nini, na garasa likiliwa hujapoteza kitu. Kuanza na saba mapema ni zawadi kwa yeyote mwenye ree ya aina hiyo au turufu yoyote. Hili ndilo kosa linalowagharimu wanaoanza kuliko mengine yote, kwani wanaona karata kubwa mkononi wakadhani kazi yake ni kushambulia.

Wakati sahihi wa kutoa ree na saba zisizo za turufu ni pale unapotupa wa mwisho. Mwenzako akianza na tano ya pao nawe una saba ya pao, itupe papo hapo. Hakuna atakayetupa baada yako, hivyo pointi kumi zako ziko salama, na saba imeingia nyumbani bila kutumia turufu hata moja.

Turufu ndogo zina thamani isiyoonekana katika hesabu. Tatu ya turufu haina pointi, lakini inaweza kukuletea ree ya pointi 11. Kwa hiyo usiitumie kukata, yaani kula kwa turufu, mzunguko wenye mzungu wa pili peke yake. Waachie pointi mbili na usubiri. Kinyume chake, ukiona ree ipo mezani na una turufu, kata bila kusita.

Hesabu turufu zinazopita. Ziko tisa tu. Anayeanza ajitahidi kukumbuka angalau mbili, ree na saba ya turufu, kwani mpaka zitoke hakuna turufu nyingine iliyo salama kabisa. Akishazoea, aongeze kukumbuka ree za aina nyingine. Mchezaji wa watu wawili aliyefuatilia kila karata anaweza, fungu linapokwisha, kuzitaja karata tatu za mwenzake bila kuziona. Hapo mizunguko mitatu ya mwisho inakuwa hesabu tupu.

## Mkicheza wanne

Wanne hucheza wawili kwa wawili, na wenza huketi wakitazamana ili zamu ziingiliane. Karata wanazokula wenza huwekwa fungu moja na kuhesabiwa pamoja.

Mabadiliko makubwa ni haya: sasa kuna wakati wa kumpa mtu pointi kwa hiari. Mwenzako akiwa tayari amekula kwa karata ambayo haiwezi kushindwa, nawe unatupa wa mwisho, mpe ree au saba yako. Karata ambayo ungeihangaikia raundi nzima inaingia katika fungu lenu bila hatari. Lakini ikiwa bado kuna mpinzani hajatupa, jizuie, maana turufu moja yake itachukua karata ya mwenzako na yako pia.

Suala la ishara linahitaji makubaliano. Wapo wanaokonyezana na kukohoa kueleza walicho nacho, wakilihesabu hilo kuwa sehemu ya utamu wa mchezo, na wapo wanaoliona kuwa udanganyifu. Kwa maoni yangu, familia inayofundisha watoto iache ishara mpaka kila mtu aweze kucheza bila kusaidiwa, kwa sababu mtoto anayesubiri kukonyezwa hajifunzi kufikiri.

## Makubaliano ya kuandikwa kabla ya kuanza

Andikeni juu ya karatasi ya matokeo: mwelekeo wa zamu, kama kuna kufuata aina fungu likiisha, kama ishara zinaruhusiwa, na ushindi mara ngapi ndio unaofunga mchezo. Ushindi mara nne unatosha kwa jioni moja. Pesa zisiwekwe mezani, hata za mzaha, hasa watoto wakiwepo.

Amueni pia adhabu ya makosa. Karata iliyokwisha kugusa mkeka isirudishwe mkononi, isipokuwa kwa anayecheza siku yake ya kwanza. Anayetazama karata alizokula ili kujikumbusha zilizopita ahesabiwe amekosa, na kosa hilo limnyime nafasi ya kuanza mzunguko unaofuata. Mtazamaji aliyekaa nyuma ya mchezaji hana ruhusa ya kusema lolote, na kwa uzoefu wa baraza nyingi, hii ndiyo kanuni ngumu kuliko zote kusimamiwa.